Mashuka Meupe ya Bibi Sabuni

Bahari Bibi Sabuni alikuwa ameiona mara nyingi, lakini kwenye kalenda. Kalenda yenyewe ilitundikwa dukani huko kwao milimani, juu ya magunia ya chumvi: maji ya buluu, boti zilizopakwa rangi, nyumba ndogondogo zimepanda mlima zikifuatana kama mbuzi. Alipofika kijijini kwa binti yake aliikuta picha ile ile, rangi zile zile, isipokuwa jambo moja ambalo kalenda haikumwambia. Hii ilikuwa inanguruma. Ilinguruma watu wakila, ikanguruma watu wakisali, na alipoweka kichwa kwenye mto ikawa kama inanguruma chini ya mto huo huo, mithili ya mnyama aliyefungwa halafu mshika kamba akasinzia.

Jina la Sabuni alibandikwa na mashemeji zake zamani, alipokuwa bi harusi, kwa sababu ya kufua. Kila mtu na ugonjwa wake, na wa kwake ulikuwa huo. Akiona kitambaa cheupe kilichofubaa hupata hali ile anayoipata mtu akiona mtoto mwenye kamasi: mkono unakwenda wenyewe. Ndani ya mkoba wa safari alitia nguo zake za kubadilisha, vitambaa laini vya mtoto, mche mzima wa sabuni na kipakiti cha bluu ya kufulia, kana kwamba pwani maduka yamefungwa.

Alikuja kumngojea mjukuu. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, miguu imevimba kama mikate, anatembea kwa kushika ukuta. Hilo lilikuwa la furaha, na Bibi Sabuni alilifurahia kweli. Lakini chini ya furaha hiyo kulikuwa na woga alioubeba tangu siku ya posa, maana mkwe wake alikuwa mvuvi. Siku ile, mbele ya wageni, alisema neno ambalo halikusahaulika: "Mkulima akifa najua pa kupanda ua. Mvuvi akifa nikalie wapi?" Marehemu mumewe alimkanyaga mguu chini ya meza, ila neno lilikwisha kutoka, na neno likitoka halina mlango wa kurudia. Ndoa ikafungwa vivyo hivyo. Mkwe hakulitaja neno lile hata mara moja. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye adabu za kizamani: hakai kiti kimoja na mama mkwe, hampi mkono, humsalimia kutoka mlangoni ameinama kidogo. Shikamoo, mama. Marahaba, baba. Basi. Kila alfajiri alitoka hivyo, jaketi la mpira begani, na Bibi Sabuni akabaki akisikiliza nyayo zikishuka ngazi za mawe mpaka zinamezwa na ile ngurumo. Kuanzia hapo chai haipiti kooni hadi boti irudi.

"Mama, wanakwenda kila siku," binti alimwambia. "Na kila siku wanarudi."

"Kuku naye hutoka kila siku," alisema mama yake. "Mwewe anahitaji siku moja tu."

Binti akacheka huku ameshika kiuno. "Utazoea."

"Nimekuja kumzoea mjukuu. Bahari sikualikwa nayo."

Nyumba ilikuwa katikati ya mlima, kwenye njia nyembamba ya mawe yaliyolainishwa na miguu. Vyumba viwili na jiko. Jikoni sufuria zimepangwa kwa ukubwa, chumbani kitanda, kabati na beseni jipya la mtoto ambalo bado lina karatasi ya dukani. Kilichomshangaza Bibi Sabuni ni ukuta wa mbele, ule unaotazama maji. Ulikuwa mpana kuliko wa nyumba yoyote jirani, umepakwa chokaa kutoka juu hadi chini, na haukuwa na dirisha hata la kupitisha paka. Madirisha yote yalifunguka nyuma, uchochoroni. Watu hupanda mpaka hapa na kamera zao kutazama bahari, na mwenye nyumba amejinyima hata tundu. Yeye hakulalamika. Kwake ukuta ule ulikuwa rehema. Chokaa tu ndiyo ilimkera, maana mvua ilikuwa imeichuja, ikaacha michirizi ya kijivu.

Jambo la pili lililomshangaza ni nguo. Kijiji kizima kilianika nyuma, kwenye ule uchochoro, mahali ambapo jua hupita kama mdaiwa, harakaharaka na kwa kuinama, na moshi wa kukaushia samaki umejaa.

"Mbona mnaficha nguo kama mali ya wizi?" aliuliza.

"Hapa tunaanika nyuma, mama. Ndivyo ilivyo," binti alijibu, macho yakimfumbika kwa uchovu.

Akaishia hapo. Si kwamba alikuwa na siri. Alikuwa ameolewa pale muda wa kutosha kusahau kwamba yupo mtu asiyejua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi Sabuni hakungoja kupewa. Siku ya tatu mkwe alipokwisha kutoka, binti alirudi kitandani kwa mama yake, maana usiku mtoto alimpiga mateke asilale, akapitiwa na usingizi mzito. Mama akaingia kile chumba kingine. Akayaona mashuka ya kitanda cha wanandoa, yale aliyowapa yeye siku ya harusi, yenye ua dogo jekundu alilolitarizi pembeni kwa mkono wake. Yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea ndizi. Akaguna. Mkono ukaenda wenyewe.

Aliyaloweka, akayasugua, akayasuuza, akayarudia. Akatia bluu kidogo tu, maana bluu ikizidi nguo inakuwa kama mtu aliyenyongwa. Alipoyakamua yalikuwa meupe ya kuumiza macho. Sasa kuyaanika. Alitazama uchochoro, akatazama moshi, akatazama kazi ya mikono yake. Roho ikakataa.

Upande wa pili, kuzunguka kona ya nyumba, kulikuwa na nyumba isiyokaliwa. Mwenyewe alihamia kwa watoto wake. Uwanja wake wa mbele ulikuwa wazi, una vyuma viwili na kamba kati yake, jua lote na upepo wote. Tatizo lilikuwa kwamba uwanja huo umening'inia juu ya bahari. Bibi Sabuni aliuendea kinyumenyume kama kaa, mgongo kwa maji, akaanika kwa kupapasa, vibanio mdomoni. Mashuka yakapepea. Chini kwenye ngazi mtalii mmoja alinyanyua kamera yake, akapiga picha, halafu akamwinulia dole gumba. Bibi Sabuni hakujua lugha yake, ila sifa haihitaji mkalimani. Aliona kama kijiji kilikuwa bi harusi aliyesahau shela, na sasa amevishwa.

Akarudi ndani akachambua mboga.

Ilianza kwa baridi. Mlango wa jikoni, ulio ubavuni mwa nyumba, ulikuwa wazi, na ghafla hewa iliyokuwa ya joto ikawa kama imetoka kisimani. Mwanga ukafifia ilhali mchana haujaisha. Akachungulia. Mstari ule wa mbali, pale mbingu inapokutana na maji, haukuwapo. Halafu kisiwa kidogo cha ndege hakikuwapo. Wingu lilikuwa limekaa juu ya maji, linakuja polepole bila sauti, na lilichokifikia hakionekani tena. Huko kwao milimani ukungu aliujua vizuri, ni kitu cha asubuhi, mtu hukaa jikoni ukapita. Lakini ukungu wa kwao haukuwa na watu ndani yake.

Chini gatini wanawake walikuwa wametoka bandani wanakochambulia samaki. Walisimama na aproni zao za plastiki, wametazama upande mmoja. Hakuna aliyezungumza. Wanawake wale, ambao asubuhi kelele zao zilipanda mpaka jikoni.

Binti akaamka, akatoka akiburuza kandambili. "Kumekuwaje giza?"

"Wingu tu," alisema mama yake. "Watarudije hawa? Hawaoni kitu."

"Wanaona." Binti alisema kwa utulivu kabisa. Alipita mlangoni, akaenda mpaka kwenye ule ukuta wa mbele, akaupigapiga kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake. "Ndiyo kazi ya huyu."

"Kazi gani? Ukuta?"

"Tazama kule juu, lile jabali lililopakwa chokaa." Alinyoosha mkono kileleni. "Na huku chini ni huu ukuta. Mtu akiwa majini, akaona jabali limekaa juu ya ukuta sawasawa, kama kofia kichwani, basi mlango wa kuingilia gatini uko mbele yake. Akipotoka kushoto kuna ile miamba, wenyewe wanaiita Meno. Hata ukungu uwe mzito vipi, weupe ndio unaotangulia kuonekana. Ndiyo maana nyumba hii haina dirisha mbele. Babu yake mume wangu aliijenga hivyo makusudi."

Bibi Sabuni aligeuza shingo kuelekea kona ya nyumba.

"Na kukiwa na kitu kingine cheupe?" aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana tunaanika nyuma."

Hapo ndipo waliposikia injini. Ilikuwa mbali, inakohoa kidogo kidogo ndani ya lile wingu, tuk, tuk, tuk. Binti akatabasamu, akashika tumbo. "Hao. Si nilikwambia?"

Bibi Sabuni alitaka kusema. Uwanja wa nyumba ya pili ulikuwa nyuma ya kona, binti hakuwa anauona kutoka pale aliposimama. Lakini watu wa gatini waliuona. Sauti ya Mama Mizani, yule jirani anayepima samaki, mwanamke ambaye akisema mzani wenyewe unatulia, ikapanda ngazi kabla yake.

"Nani ameanika huko juu? Toeni hayo mashuka. Toeni upesi."

Binti alimgeukia mama yake. Ule uso, Bibi Sabuni aliuona kwa nusu ya pumzi, kisha akakimbia.

Magoti yake yalikuwa na miaka mingi hayajaombwa kukimbia. Alizunguka kona akishika mawe. Mashuka yalikuwa pale, na yalikuwa mazuri. Jua limeondoka, kila kitu kimegeuka majivu, na yenyewe yanang'aa kama meno ya mtoto. Akainua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu afike, akaitazama bahari usoni.

Wingu lilipasuka kidogo. Boti ilikuwa ndani ya mpasuko huo, ndogo, watu wamesimama ndani yake. Ilikuwa imemwelekea yeye. Si ukuta, si jabali. Yeye, na nguo zake. Pua ya boti ilimtazama moja kwa moja kama mtu aliyeitwa jina, na kati yao maji yalikuwa yanachemka meupe kwenye vitu vyeusi vilivyochomoza na kuzama. Hayo ndiyo Meno. Halafu wingu likafunga.

Alivuta. Vibanio vikaruka. Shuka la kwanza likashuka, la pili likanasa kwenye chuma, akalivuta kwa uzito wa mwili wote likachanika kwa mlio ambao siku nyingine ungemliza. Akayakumbatia yote kifuani, yamelowa tena kwa ukungu, baridi. Kule ndani ya wingu injini ikabadili sauti. Ikapungua. Ikasita, kama mtu aliyekuwa akifuata taa na taa ikazimwa.

Mama Mizani alifika akihema, aproni bado imejaa magamba. "Simu ya nahodha inaita tu," alisema. "Imefungwa ndani ya plastiki huko, na injini inalia, nani ataisikia." Akaona mashuka mikononi mwa Bibi Sabuni. "Ukiyatoa tu umewaacha vipofu. Ukuta wenyewe uko kivulini, chokaa imekwisha. Yapeleke ukutani. Twende, mama, utalia baadaye."

Walirudi wakisukumana. Binti alikuwa amesimama pale pale, mgongo umebanwa ukutani, kana kwamba mwili wake nao utaongeza weupe. Mama Mizani alilitandaza shuka moja, akalishika upande mmoja, mwenzake aliyemfuata kutoka bandani akashika wa pili. Lile lililochanika Bibi Sabuni alilishika na binti yake. Wakalinyoosha mbele ya ukuta, mikono juu.

"Mlitikise," alisema Mama Mizani. "Ukuta hauchezi. Wakiona kinachocheza watajua ni watu."

Walitikisa. Ilibidi kusimama uso ukiwa baharini, na Bibi Sabuni alisimama. Alitaka kufumba macho, hata kope zilianza kushuka, akaziinua tena. Mbele yake hapakuwa na kitu, weupe mtupu unaotembea, na ndani yake ile tuk, tuk, mara kushoto, mara kulia, mara haipo. Mikono iliuma, ikawaka, ikafa ganzi. Aliomba, ila maneno ya dua yalimponyoka akabaki anarudia moja tu, pita kulia, pita kulia, pita kulia.

Kisha ikaja sauti ya mbao kwenye jiwe.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeburuza kabati sakafuni katika nyumba ya jirani. Injini ikazima. Binti akatoa pumzi moja ndefu yenye mlio, na shuka likalegea upande wake.

"Shika," mama yake alisema. "Shika, mwanangu. Usiachie."

Binti akashika. Walitikisa kuelekea kwenye kimya. Hakuna kitu katika dunia hii, Bibi Sabuni alifikiri, chenye kelele kama injini iliyonyamaza. Hata ile ngurumo aliyoichukia haikusikika masikioni mwake. Alikuwa anatafuta sauti ndani ya kimya kile kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Akafikiri juu ya beseni la mtoto lenye karatasi ya dukani. Akafikiri juu ya lile neno la posa, na jinsi bahari ilivyokuwa imelisikia na kuliweka.

Makasia. Kwanza alidhani ni moyo wake. Yalipiga, yakanyamaza, yakapiga. Mtu akakohoa majini, kikohozi cha kweli cha binadamu. Na boti ikatoka kwenye wingu kama mtu anayetoka chumba kingine, imelala upande, mbao za ubavuni zimefunguka, mmoja anakumba maji kwa ndoo, wawili wanavuta makasia, na nyuma kwenye usukani nahodha mzee wanayemwita Kobe, damu ikimchuruzika kutoka kwenye nyusi. Ilikuwa imepita upande wa kulia wa Meno. Ilikuwa ndani ya mlango.

Yule anayekumba maji alikuwa mrefu.

Binti akateleza ukutani mpaka chini, akakaa. "Mtoto anapiga mateke," alisema, akaanza kulia.

Chini gatini walishika kamba, wakaivuta boti mpaka mchangani. Sauti ya Kobe ilisikika ikipanda taratibu kama yeye mwenyewe. "Mimi niliwaambia hawa, leo ukuta umesogea. Wakaniambia mzee, huo ni umri wako."

"Umri wako upo pale pale," alijibu Mama Mizani kutoka juu. "Ni mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu nusura awaponye na dunia yenyewe."

Watu wengine wakacheka, kicheko cha wenye kutetemeka. Bibi Sabuni hakucheka. Alikuwa bado amesimama, mikono juu, shuka limening'inia upande mmoja. Mama Mizani alimwambia imekwisha, achie. Akataka kuachia. Vidole vikakataa.

Mkwe alipanda ngazi amelowa mpaka nywele. Kwanza alimwinamia mkewe, akamshika uso, akasema naye maneno ambayo hayakuwa ya watu wengine. Kisha akainuka, akamkuta mama mkwe katika hali ile. Akasita. Kijana ambaye hakuwahi kumpa mkono alinyoosha yake yote miwili, akaishika mikono ya Bibi Sabuni, akaishusha, akaanza kufungua kidole kimoja kimoja, polepole, kama anayemtoa samaki kwenye wavu bila kumvunja pezi. Shuka likaanguka. Pembeni yake lilionekana ua dogo jekundu.

Aliliangalia. Akaangalia upande wa nyumba isiyokaliwa, kamba bado inayumba.

"Ni mimi," alisema Bibi Sabuni. "Hakuna mwingine. Mwanangu alikuwa amelala."

Midomo ya mkwe ilikuwa ya buluu kwa baridi. "Yametakata, mama," alisema. "Tumeyaona kutoka mbali sana."

Hapo ndipo Bibi Sabuni alipokaa chini kando ya binti yake.

Boti ilitengenezwa. Kobe alishonwa nyusi, akawa anauonyesha mshono kwa kila anayemwuliza na asiyemwuliza. Siku walipokuwa tayari kutoka tena, mkwe alisimama mlangoni alfajiri, ameinama kidogo. Shikamoo, mama. Marahaba, baba. Nyayo zikashuka ngazi, zikamezwa.

Bibi Sabuni hakukaa jikoni. Aliuburuta nje mfuko wa chokaa ambao mkwe aliuweka kando mpaka mtoto azaliwe, akaikoroga kwenye ndoo, akafunga kitambaa kichwani, akaanza kupaka ukuta. Alipaka akiwa ameipa bahari mgongo. Woga ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, chini ya mbavu upande wa kushoto, haujapungua hata chembe. Kila baada ya mapigo machache ya brashi aligeuza shingo, akaangalia kama mstari wa mbali bado upo, halafu akarudi kwenye ukuta.

"Bibi Sabuni," aliita Mama Mizani kutoka gatini, "pale chini kushoto umeparuka."

"Napaona," alisema. Akachovya brashi, akainama, akaparudia.